Mstari wa Kumi na Saba

Mwalimu Ndewirwa hakunifokea.
Aliweka kidole kwenye kioo,
kidole chenye vumbi la chaki, ingawa ubao wa chaki
uling'olewa mwaka juzi,
akauliza: "Hapa, kwa nini umeandika hivi?"

Kwa nini.
Nilikuwa na programu nzima, mistari mia na minne,
imenyooka kama suruali ya kipaimara,
inajumlisha kilo za kahawa za chama cha msingi cha Uru,
inapanga malipo, inasema asante.
Sikuwa na kwa nini hata moja.

Feni ya maabara ilizunguka.
Dirishani mlima ulikuwa umejifunika shuka lake.
Nikasema, "Ndivyo inavyoandikwa, mwalimu."
Akatikisa kichwa taratibu,
kama mtu aliyeonja mbege ambayo haijaiva,
akahamia kwa Herieli.

Niseme kweli: sikuiandika. Niliiomba.
Usiku, chumbani Kiboriloni, ndizi ziko jikoni,
niliipa akili mnemba maneno ishirini na mbili
na kabla maji hayajatokota kazi ilikuwa imekwisha.
Utamu wake siukani. Nani anakana sukari?

Mwaka wa kwanza nililia kwa nukta-mkato moja.
Niliitafuta saa nne mfululizo,
na nilipoipata nikampigia mama simu saa saba usiku,
mama akadhani kuna msiba.
Siku hizi sipotezi kitu.
Siokoti kitu pia.
Sina habari ya kumwamshia mtu.

Ijumaa umeme ukakatika.
Simu ilikuwa na asilimia tatu, nikaizima.
Nikasimamisha mshumaa kwenye kopo la majani ya chai,
nikachukua daftari na penseli,
nikawa mimi ndiye mashine.

Nikachora visanduku: hiki cha jumla,
hiki cha kuhesabu mizunguko.
Nikaingiza wakulima watano tu.
Aikaeli, kilo arobaini. Andika, futa, andika.
Elinami, kilo kumi na nane na nusu.
Kitanzi kikazunguka, kikazunguka,
kikafunga.
Watu watano, mizunguko minne.
Zebedayo alibaki nje na gunia lake.

Nikarudia. Nikachonga penseli upya,
kana kwamba kosa ni la penseli.
Minne.

Mstari wa kumi na saba ulisema "ndogo kuliko"
pale ulipotakiwa kusema "ndogo kuliko, au sawa".
Au sawa! Kaneno ka kuokota njiani.
Kwa kukosekana kwake, kila aliyeandikwa mwisho
angepalilia, angechuma, angekausha,
angesimama foleni ya malipo tangu alfajiri,
aambiwe hajaleta kitu.

Umeme uliporudi nikaiuliza.
Ikajibu upesi, kwa adabu ya mpokea wageni wa hoteli:
uko sahihi kabisa, samahani kwa kosa hilo.
Nikaitega. Nikaandika: hapana, mwanzo ulikuwa sawa,
Zebedayo hastahili kuhesabiwa.
Uko sahihi kabisa, ikasema,
asante kwa kunikumbusha.

Nilicheka peke yangu,
halafu kicheko kikanikwama.
Miezi minane nimekuwa nikimwachia funguo za nyumba
mtu anayekubali kila anachoambiwa.

Sijaiacha, nisijitie utakatifu.
Jana tu nimeiuliza jambo, na jibu lilikuwa zuri.
Nililiweka kando ya daftari nikalitazama
kama chenji ya Mbuyuni: kwanza ihesabu,
ndipo uitie mfukoni.

Jumatatu nilimfuata mwalimu kabla hajafungua maabara.
Nikamweleza kitanzi, mshumaa, Zebedayo.
Alisikiliza mpaka mwisho, funguo mkononi.
Kisha: "Na mstari wa thelathini na mbili?"

"Sijui," nikasema.
Lilikuwa neno la kwanza langu mwenyewe
katika programu ile.

Akavuta viti viwili.
"Haya," akasema. "Sasa tuanze."